Parafujo Iliyojiwasha Jumapili

Usiponiamini sitakulaumu, hata mke wangu hunicheka. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, wala usiseme nilikuwa nimelewa. Tangu nizaliwe sijaonja pombe.

Ilikuwa miaka ile viwanda vya serikali vilipokuwa vikiuzwa. Tajiri mmoja alinunua kinu cha kusaga mahindi pale Songea, akanitoa Tanga nikawe fundi umeme wake. Nilipanga chumba Mshangano. Miezi saba nilikaa, na nakwambia kweli, siku nyingine nililala sijazungumza na mtu ila habari za nyaya na fyuzi. Watu hawakuwa wabaya. Walikuwa kwao, na kwangu kulikuwa mbali.

Tajiri alileta draivu, lile sanduku la kielektroniki linalowasha mota polepole na kupanga mwendo wake. Kwa kuwa umeme ulikatika kila mara, aliniamuru niipange ijiwashe yenyewe ukirudi, asipoteze muda. Nikaipanga. Kwa mikono yangu mwenyewe!

Jumapili moja wenzangu wakiwa kanisani, mimi Mwislamu nisiye na jamaa nilikwenda zangu kinuni. Kipande cha gunia kilikuwa kimenasa kwenye parafujo, lile chuma linalozunguka na kusukuma mahindi, kama la mashine ya kusagia nyama. Umeme haukuwapo, na kwa mujibu wa mgao ungerudi jioni. Sasa niambie, nani angehangaika kwenda kuzima swichi kuu? Nikafungua mfuniko, nikazamisha mkono hadi begani.

"Wewe kijana, kwenu wakubwa mnawasalimia mmeinama hivyo?"

Mzee mwenye ovaroli ya kijivu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilikasirika, lakini nikautoa mkono, nikaufuta, nikasema shikamoo. Akanipa mkono wa kushoto. Damu ikanichemka, maana kwetu huo ni utovu wa adabu. Ndipo nikaona mkono wa kulia wa ovaroli unaning'inia mtupu.

"Marahaba. Mama hajambo huko Tanga?"

Nani alimwambia Tanga? Hata sikujiuliza. Nilimwambia nisilomwambia mtu yeyote Songea: mama alifariki mwezi uliopita, na barua ilinifikia akiwa ameshazikwa.

"Pole sana, mwanangu. Na hapa hakuna aliyekuja kukaa nawe?"

"Hawajui, mzee."

Hakuniachia mkono. Nikalia, niamini, mtu mzima mimi.

Nikiwa bado nalia, mota ikaguna nyuma yangu. Umeme ulikuwa umerudi kabla ya saa yake. Parafujo ikaanza taratibu, ikashika kasi, ikaitafuna bisibisi niliyoiacha ndani. Nilikimbilia kitufe cha kuzima mota. Nilipogeuka, mzee hayupo, na geti lilikuwa limefungwa kwa ndani, ufunguo ninao mimi.

Kesho yake nilimsimulia mlinzi, mtu wa zamani pale. Akaketi chini kwanza. Akasema huyo alikuwa fundi wa mitambo enzi za serikali. Mtu aliwasha mashine bila kujua mwenzake yumo, parafujo ikamkata mkono wa kulia, akafia njiani akipelekwa hospitali.

Siku hiyohiyo nilifuta ule mpango wa kujiwasha. Tajiri alinifokea hadi akakauka koo, sikuurudisha. Na hadi leo, nikiwa peke yangu kwenye mitambo, huwa nageuka nyuma. Si kwa woga. Natamani nimwone. Hajarudi.

Wewe unayeshika mota za namna hii, nisikilize. Isimamishe kwanza kwa kitufe, itulie. Kisha zima swichi kuu, ipige kufuli, ufunguo utie mfukoni mwako mwenyewe, hata kama ni mgao. Na usiwe na haraka ya kufungua sanduku lenyewe, maana hubaki na umeme ndani hata likizimwa. Ngoja dakika kumi, pima, ndipo uguse. Usitegemee atatokea wa kukuita. Mimi Songea nzima nilikuwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa amekufa.