Mtani Aliyekuja na Tezo

Wanaosema mambo haya hutungwa ili kutisha watoto, mimi siwabishii. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyohivyo. Nawaomba tu waushike mkono wangu wa kulia, hapa chini ya kiwiko, wapapase mahali mfupa ulipoungana vibaya, halafu waniambie ni nani aliyenipiga. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, na kazi yangu ni rangi. Kupamba maneno siwezi. Nitasema nilichokiona, na pale ambapo sikuona vizuri nitasema sikuona vizuri. Tena msidhani ni habari ya usiku wa manane. Ilikuwa mchana, watu wamejaa, ugali uko moto.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Miaka ile ya ruksa, Tanzania ilipofungua biashara na kila mwenye chumba cha mbele akakigeuza duka, kikundi cha wasanii wa Morogoro kiliniita nikakae kwao miezi kadhaa. Nichore, na niwaonyeshe namna tunavyoandika vibao vya maduka kwetu. Walikuwa wamepanga godauni kule Kihonda, mali ya kiwanda kilichokwisha kufungwa. Nusu ya godauni walinipa mimi, na ukuta mzima niujaze nitakavyo. Nusu ya pili alikuwa Kobelo, mchonga vinyago, Mluguru wa juu milimani upande wa Mgeta.

Ugeni haujifichi. Nikifungua mdomo dukani, wateja wanageuka. Kobelo ndiye aliyenicheka kuliko wote.

"Mmombasa, hebu sema tena 'nataka sabuni'! Unaongea kama unamchumbia muuza duka!"

Nilimchukia? Siku nyingine, ndiyo. Alikuwa na hasira za karibu. Mara moja nilisogeza gogo lake kidogo nipate mwanga, akanirushia patasi ikagonga ukuta kando ya sikio langu. Lakini lazima niseme na upande wa pili. Malaria iliponilaza, Kobelo ndiye aliyenipikia uji na kunifulia shuka, na hakumwambia mtu. Kwa hiyo mtu akiniuliza alikuwa mwema au mbaya, sina jibu la neno moja.

Alikuwa na desturi moja kazini. Kabla ya kukata gogo jipya, alilipiga kofi mara mbili kwa mkono wa kushoto, analiinamia, analaza sikio, anauliza kwa sauti ndogo: "Umo?" Kisha ananyamaza na kusikiliza. Magogo mengine aliyasukuma kando.

"Huyu hajaitika," alisema.

"Nani?"

"Aliyemo ndani. Nikikata kabla hajaitika, nitamkata yeye."

Mkono ule wa kushoto niliuchora mara nyingi mno, maana nilitaka kuuweka ukutani, mkubwa kama mlango. Ulikosa vidole viwili, kidole cha mwisho na jirani yake. Tezo, kile kishoka cha kuchongea, liliviondoa alipokuwa akijifunza kazi. Viliacha visiki viwili vifupi, na Kobelo alipokunja ngumi visiki vile navyo vilijikunja, kama vinadhani bado vina kitu cha kushika. Alitembea akiutupa mguu wa kulia pembeni, na daima alivaa koti la mvua la njano, la mtumba, lenye mfuko mmoja uliochanika.

Sasa, ugomvi. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba wake Kobelo, Mzee Lukasi, alitaka kumkodisha tajiri mmoja wa mjini mteremko wa ukoo alime kabichi. Kobelo hakutaka, kwa sababu katika mteremko ule kulikuwa na makaburi na miti ambayo hawakati. Nilimsikia Mzee Lukasi mwenyewe, aliposhuka kuja kuzungumza naye pale godauni. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba baba, kwa upole kabisa. Alisema watoto wa ukoo hawana sare za shule, sasa wafu wanakula nini na walio hai wanakula nini? Kwangu yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili. Kobelo alimjibu akiwa ameshika tezo.

"Mjomba, ukimleta yule mtu pale, nitakuchonga."

Mzee aliondoka bila kumaliza chai.

Wiki ile Kobelo alipanda nyumbani. Hakurudi. Walimkuta chini ya shamba la ngazi, yale matuta yaliyokatwa mteremkoni, fuvu limepasuka, mvua imemlaza kifudifudi kwenye tope. Wengine walisema ameteleza, maana mguu wake tunaujua na njia ile ni mbaya. Wengine walisema jiwe haliachi alama kama ya jembe. Polisi walipanda, wakaandika, wakashuka. Mimi sikuwapo. Narudia, sikuwapo, na sitamshitaki mtu kwa kitu nisichokiona.

Nilipanda kwenda mazikoni na lori la kabichi lililokuwa likirudi tupu. Tekla, dada yake Kobelo, alinipa msalaba wa mbao niandike jina. Nililiandika kwa rangi nyeupe, herufi za kusimama. Hayo ndiyo maandishi ya mwisho ambayo mkono huu uliandika yakanyooka. Nilimwona Tekla akilaza tezo la kaka yake ndani ya jeneza, ubavuni. Koti la njano alilibakiza nyumbani.

"Hilo ni la mtani," aliniambia. "Wewe kaka ni mgeni, ngoja nikueleze. Tukishazika atakuja mtani wa ukoo wetu, anaitwa Sabasi. Atavaa nguo za marehemu, atatembea kama yeye, atatutukana matusi ya nguoni. Atamwaga chakula. Usikasirike. Hata akikupiga, cheka tu."

"Hata akinipiga?"

"Cheka. Ukikasirika umemkosea kaka yangu."

Katekista alimaliza sala, udongo mwekundu ukarudishwa, mvua nyembamba ikaanza. Tukapanda nyumbani, tukakaa chini ya turubai kula ugali na maharage. Mzee Lukasi alikaa katikati kwenye kigoda, kama inavyompasa mjomba. Watu wengine walikuwa wamekaa mbali naye kidogo. Niliona hilo, wala sikulipenda.

Ndipo mtu akatokea njia ya makaburini.

Alivaa koti la njano. Alitupa mguu wa kulia pembeni. Uso wote alikuwa ameupaka tope jekundu, macho tu yanaonekana. Wanawake walipiga kelele za kicheko.

"Huyo! Sabasi huyo!"

"Tazama mguu, jamani! Kaupatia!"

"Kajipaka udongo wa kaburini, huyu hana adabu kabisa!"

Tekla alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Hata mimi nilicheka. Nani asingecheka? Alikuwa Kobelo mtupu, yale mabega, ile namna ya kuangalia watu kama magogo. Nilifikiri: huyu Sabasi angezaliwa Mombasa angekuwa mchekeshaji.

Akapiga teke sufuria ya maharage. Vicheko. Akamnyanyua katekista kwa kola akamtupa kwenye tope, katekista akaanguka vibaya na kutema damu, huku mwenyewe anacheka na meno yana wekundu. Akampiga kijana mmoja kofi la kumlaza chini. Vicheko vikazidi. Mimi niliacha kucheka, lakini kila nilipomtazama Tekla alikuwa ananikonyeza: cheka.

Akafika kwa Mzee Lukasi. Akasimama mbele yake. Mzee naye akacheka. Akasema, "Haya mtani, tukana basi, tumalizane."

Yule mtu hakutukana. Aliunyoosha mkono wa kushoto, akampiga mzee kichwani makofi mawili ya taratibu. Akainama. Akalaza sikio lake utosini kwa mzee.

"Umo?" akauliza.

Watu walivunjika mbavu. Wote walikuwa wakiijua desturi ile ya Kobelo. Mmoja akapaza sauti: "Mjomba, itika basi!" Na mimi macho yangu yalikuwa kwenye ule mkono uliolala juu ya mvi za mzee. Wallahi, sikuutafuta. Ni mazoea ya mchoraji, macho huenda yenyewe mahali yalipokwishafanya kazi. Mtu anaweza kuiga kuchechemea. Anaweza kuiga sauti. Lakini anaigaje vidole ambavyo havipo? Viwili vya mwisho havikuwapo. Na vile visiki vilikuwa vinajikunja, vinatafuta kushika nywele.

Mkono wa kulia ulitoka ndani ya koti na tezo.

Niliruka. Sikuwa shujaa, sikufikiri kitu. Nilipitisha mkono wangu juu ya kichwa cha mzee, na tezo likanishukia. Nilisikia mfupa ukivunjika kabla sijasikia uchungu, kama mtu anavunja ukuni pembeni yangu. Na ninachokumbuka kuliko uchungu ni kwamba watu walikuwa bado wanacheka.

"Mmombasa hajui utani! Mmombasa kakasirika!"

Nilianguka kando ya kigoda, nikauona uso wa yule mtu juu yangu. Tope lilikuwa limejaa hata puani. Lilikuwa limeziba pua zote mbili na mdomo, na hakuwa akihema. Aliniangalia kidogo. Nikubali kuwa labda nimejitungia hili baadaye, lakini niliona kama ananijua na amesikitika. Kisha akaniruka, akamshushia mzee tezo mara ya pili.

Damu ilipowarukia waliokaa mbele ndipo kicheko kilipokatika. Hakuna aliyenyanyuka. Yule mtu alipangusa tezo kwenye koti, mara moja upande huu, mara moja upande ule, kama Kobelo alivyofanya kila jioni godauni. Akateremka njia ya makaburini akitupa mguu. Mvua ikamfunika.

Bado tunamwinua mzee, huku mimi nimeukumbatia mkono wangu, mtu mwingine akaja akikimbia kutoka upande wa barabara. Kaloa mpaka magotini, uso msafi, anahema.

"Ndugu zangu nisameheni, mto umejaa, nimezungukia juu," alisema Sabasi. Kisha, kwa sauti ya mzaha aliyokuwa ameiandaa njia nzima: "Haya, nyie mbwa wa marehemu, koti langu liko wapi?"

Tekla aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amelibeba mikononi. Limekunjwa vilevile alivyolikunja asubuhi. Kavu. Ule mfuko uliochanika ulikuwa bado na vumbi la mbao.

Baadaye nimejiuliza mengi. Labda alikuwa jamaa mwingine wa ukoo, akajificha ndani ya desturi ili alipize kisasi mbele ya watu wanaocheka. Akatafuta koti jingine la njano, yako mengi kwenye mitumba. Mtu mwenye busara angesema hivyo, nami sina ubishi naye. Ila vidole. Na kaburi, nasikia, watu waliokwenda kulitazama kesho yake asubuhi walilikuta udongo umetitia katikati, na msalaba wangu umelala. Hili sikuliona, nimeambiwa.

Mzee Lukasi hakufa. Aliishi miaka, lakini hakuwa na maneno tena isipokuwa moja. Akiguswa kichwani, na binti anayemnyoa, na mjukuu anayecheza, hata na matone ya mvua, alishtuka na kuitika: "Nimo." Saa nzima, "nimo, nimo," mpaka wamfunike kwa blanketi. Mteremko ule haukulimwa kabichi. Kama aliwahi kufanya lolote kule shambani, hakuna atakayejua, na mimi sitamsemea.

Nilirudi Mombasa na mkono uliopinda. Ukuta wa Kihonda niliuacha haujaisha, mchongaji niliyemchora hana mkono wa kushoto, pale pana chokaa tupu. Nimesikia sasa ni ghala la mahindi. Naandika vibao kwa mkono wa kushoto, wateja wanasema herufi zangu zinaegemea kama zinasikiliza kitu. Hunikasirisha, kwa sababu ni kweli. Na kinyozi wangu amezoea kuniomba ruhusa kabla hajanigusa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukialikwa kwenye msiba wa watu wenye utani, nenda, kula chakula chao, na usikasirike wakikutukana. Wanakufariji. Lakini akija mmoja aliyemwiga marehemu vizuri mno, na kila mtu anakuambia ucheke, tazama mikono yake kwanza.