Viazi Vilivyopangiwa Kuugua

Nilipanda mlima hadi Newala kutafuta shamba gonjwa, na kijiji kizima cha Makote hakikuwa nalo. Kila niliyemuuliza alinipeleka kwenye shamba lake zuri kuliko yote, akalisifia kama anayemtafutia binti yake mchumba. Mimi nilitaka udongo uliojaa minyoo fundo, vile viminyoo visivyoonekana kwa macho vinavyoifanya mizizi ya viazi vitamu iote manundu. Sisi watafiti wa kilimo tulitaka kupanda aina tano za viazi, kila moja tuta lake, tuone ipi inavistahimili.

Aliyekubali ni mama mmoja mjane. "Langu bovu," alisema. "Viazi vinatoka vimepasukapasuka, msimu wa pili huu. Ukishajua nipande marando ya mbegu ipi, utaniambia?" Nikamwapia. Akanipa kipande chote alichokuwa akipanda viazi vya kula, yeye akabaki na muhogo.

Aina ya tano ilikuwa dhaifu, na sisi tulijua. Tuliipanda makusudi iugue. Ikiugua, tunajua minyoo ipo, na zile nyingine zikiwa nzima ni kwa uwezo wao. Hilo sikumweleza. Nilijiona msomi, nikamwambia tu, "Mama, yatunze matuta yote matano kama wanao," nikawasha pikipiki nikarudi zangu Masasi.

Siku ya kuvuna, tuta la tano lilitoka safi. Viazi vinene, ngozi laini, mizizi haina nundu hata moja. Niliipekua kwa kioo cha kukuzia mpaka magoti yakaniuma. Ndipo nikakumbuka kuangalia majani: yalikuwa ya aina ya tatu.

"Mama, haya marando yametoka wapi?"

Akacheka kwa haya. "Yale yako yalikuwa yanakufa, mwanangu. Nimeyapa maji ya kuoshea vyombo, nimeyapa majivu, wapi! Nikayang'oa, nikayachoma, nikapanda ya tuta la tatu. Mkubwa wako angekuja akayaona, si angekufukuza kazi?"

Kumbe alikuwa ananifichia aibu. Badala ya kushukuru, nilifoka. Nilimfokea mtu mzima niliyemwamkia shikamoo asubuhi ileile, nikamweleza kwa ukali kwamba bila ule ugonjwa jaribio zima halina maana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu.

"Kwa hiyo nipande marando yapi?"

Nikamwambia sijui, nikaondoka bila kuaga vizuri. Njia nzima mpaka nyumbani Lisekese, palepale Masasi, nilikuwa nimevimba kwa hasira, na wa kumkasirikia nilikuwa mimi mwenyewe.

Msimu uliofuata nilirudi, naye akakubali tena, sijui kwa moyo gani. Safari hii nilimweleza yote. Akaguna.

"Yaani mgonjwa aachwe hivihivi?"

"Aachwe, mama."

Aliahidi, lakini ahadi ilimtesa. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya tuta la tano na ndoo ya maji ya vyombo. Aliponiona akageuka, akayamwaga yote kwenye mpapai kwa kishindo.

Tulipovuna, mizizi ya aina ya tano ilikuwa manundu matupu. Nilirukaruka, nikapiga mluzi, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Majirani waliokuja kusaidia walinitazama kama mtu anayepiga vigelegele msibani. Katika zile nne, mbili zilitoka safi kabisa. Nilipomwonyesha, mama hakungoja ruhusa yangu. Aliyaendea marando ya aina hizo mbili, tuliyokuwa tumeyaweka kando, akaanza kuyafunga mizigo.

Mimi nikakusanya ile mizizi michafu kwenye kiroba nikaichome. Akanisimamisha.

"Iambie pole kwanza."

Majirani wakaangua kicheko. Nilidhani anatania, lakini yeye hakucheka. Nikasema pole. Nikasema tena mara ya pili, na mara zote mbili nilikuwa namtazama yeye.

"Haya," akasema, akaendelea kufunga marando yake.