Jinzi za Idi Juu ya Mnara wa Askari

Kabla basi halijasimama nilikuwa nimeshaisikia harufu: dawa ya rangi, maji yaliyolala, kitu kama mayai viza. Tulikuwa tumeupita mji wa Xintang, kusini mwa China, mimi, Bi Chausiku wa Kariakoo na Njuguna wa Nairobi, tukashushwa kwenye mji mdogo nisioujua, wenye mfereji wa buluu kama wino. Bi Chausiku alijiziba pua kwa mtandio. Alikuja kuchukua jinzi zake za Idi. Kontena lilikuwa linafungwa bandarini Huangpu jioni ile, na mzigo ukiikosa meli hiyo ungefika Dar watu wameshakula pilau na kulala. Mimi walinibeba kwa sababu Kichina changu kinatosha kugombana.

Ilikuwa Novemba 1998. Mwanamke huyu alianza na mitumba Temeke. Mumewe alipofariki akaenda Dubai, akahamia Bangkok, kisha huku. Dukani kwake akina mama huleta watoto, naye huwavalisha mwenyewe, amepiga magoti, akiwauliza kama panabana. Idi ndiyo inayomlipia kodi ya duka mwaka mzima.

Laoban, mwenye kiwanda, alitupokea akijichokoa sikio kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho. Mashine ya kukaushia imekufa, alisema, lakini tusijali. Akatupeleka uwanjani.

Katikati ya uwanja ulisimama mnara wa saruji wenye nyota kileleni, na chini yake bamba la jiwe lenye majina ya vijana wa mji ule waliokufa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka arobaini na tisa. Mengi hayakusomeka kwa nguo zilizoyafunika. Jinzi zilitandazwa ngazi zote, zikaning'inizwa kwenye minyororo, zikafungwa kwa kamba mpaka shingoni mwa mnara, zikidondosha maji ya buluu juu ya bamba. Laoban alisogeza mguu mmoja wa suruali, akazima sigara yake kwenye jina la mtu. 

Bi Chausiku alisimama ghafla. "Hili kaburi."

Njuguna akacheka. "Mathe, hiyo ni mnara tu. Hata kwetu ziko, njiwa wanazinyea."

"Na majina haya ya nini? Kaburi hili. Nyie mmeanika nguo zangu juu ya maiti!"

Akanigeukia mimi. Alipokuwa mtoto Bagamoyo, alisema, alianika kanga kwenye ukuta wa kaburi. Mama yake alimtandika, kisha akaitia kanga moto, mpya vile vile. "Sasa mie nikamvalishe mtoto wa mwenzangu siku ya Idi, nimtazame mamaye usoni?"

Nilitafsiri. Laoban alicheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyezikwa pale, alisema, ni saruji mpaka chini.

"Umeskia?" Njuguna alisema. "Hakuna maiti. Pakia, twende."

Wakati huo bibi mmoja wa Kichina, mfupi, mwenye mfuko wa machungwa, alikuwa akiinua suruali moja kutafuta pa kuyaweka. Laoban akamfokea asimchafulie mzigo. Nilimuuliza bibi amemletea nani. Kaka yake, alisema. Aliondoka na jeshi, hata mifupa haikurudi. Kilichorudi ni jina lake, kwenye jiwe hili.

Nilipomtafsiria, Bi Chausiku aliyatazama yale machungwa. "Haya, Njuguna. Huyu bibi analilisha jiwe?"

Njuguna alianza kuzihesabu suruali kwa kidole.

Bi Chausiku aliomba zianuliwe, zifuliwe upya. "Meiyou," alisema laoban: hakuna muda, hakuna maji. Achukue au aache, na alichotanguliza hakirudi.

"Muulize kama hizi zikienda Mombasa zitaingia kontena la leo," Njuguna aliniambia, bila hata kushusha sauti. "Mimi nachukua zote."

"Kaka Njuguna! Nimekupikia jana usiku."

"Biashara, mathe. Huko kwetu nani atajua zilianikwa wapi?"

"Wewe utajua."

"Mimi sizivai." Akacheka, laoban naye akacheka bila kuelewa, wakapeana sigara. Walifanana mno.

Bi Chausiku hakulia. Alivua viatu, akapanda ngazi, akaanua suruali chache mahali bibi aliposimama ili apate pa kuweka machungwa. Kisha akavaa viatu vyake na kuliendea basi la Guangzhou lililokuwa likinguruma ng'ambo ya uwanja.

"Unakuja?" aliniita.

Lakini bibi alikuwa amenishika mkono wa shati. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alitaka nimtafutie jina la kaka yake, ukoo wa Liang, mahali fulani chini ya zile nguo. Nikamwambia Bi Chausiku atangulie. Alipunga mkono mara moja dirishani, mtandio bado puani.

Nilianza juu ya bamba, nikifunua suruali moja moja. Mikono yangu ilikuwa ya buluu mpaka kwenye viwiko, na bado sijamwona Liang, Njuguna aliponipigia kelele nisimchafulie mzigo.