Spika Nilizoziita Makopo

Sebuleni tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Rehema niliyemlea tangu wazazi wafariki, na Mzee Nassor, mwenye duka hapa Tabora. Alituletea spika tuzijaribu nyumbani: jozi ya mtumba na jozi ya maonyesho ya dukani. Tulitaka kukodisha muziki wa harusi hadi Igunga, na akiba yetu ilitosha jozi moja tu na amplifaya yake.

Nyaya niliunga mwenyewe. Nikawasha za mtumba. “Makopo matupu!” Nikageuza swichi kwenda zile za dukani. “Haya, sikieni besi ya kiungwana!”

Rehema akaweka kiganja juu ya spika. “Kaka, inayotetemeka ni ya mtumba. Umepishanisha nyaya.”

Mzee Nassor akakohoa. “Kumbe makopo ni yale ninayojivunia dukani, mwanangu?”

Za mtumba tulizichukua, zinapiga vizuri sana. Deni la kumwomba mzee radhi bado ninalo.