Mtamba Asiyeshukuriwa

Sijawahi kuwapenda watu wanaoalikwa shuleni kuwaambia wanafunzi wa kidato cha sita kwamba hamu ya kusoma inatoka ndani. Wanasema hivyo, wanapigiwa makofi, wanapanda gari na kwenda zao. Ndani wapi? Mimi ndani mwangu nilikuta uvivu na usingizi, na hakuna mgeni aliyebaki kunieleza nivifanyeje.

Aliyenifanya nisome ni baba, na hakutumia maneno ya hekima. Alitumia ng'ombe. Sisi ni wafugaji wa Nyakatuntu, na nilipomaliza kidato cha tano alisimama zizini mbele ya wageni, akanyoosha fimbo kuelekea mtamba mmoja mweusi mwenye baka jeupe usoni. "Binti yangu akifaulu kwenda chuo kikuu, huyu ni wake." Wageni wakashangilia, maana kwetu binti kuwa na ng'ombe wake si jambo la kila siku. Nilirudi shuleni nikasoma kama ninayekimbizwa. Kila nilipochoka nilimfikiria mtamba wangu, nikafungua ukurasa mwingine.

Desemba nilirudi likizo, nikaenda moja kwa moja zizini. Hayupo.

"Shikamoo baba. Mtamba wangu yuko wapi?"

"Marahaba. Amekwenda Nkwenda, kwa wakwe wa kaka yako."

Alikuwa amemtoa mahari.

"Si ulisema ni wangu, baba?"

"Nilisema. Wewe uliniletea rubisi?"

Kwetu anayepewa ng'ombe humpelekea mtoaji kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kumshukuru mbele ya watu. Pombe ikishanywewa, ng'ombe hamrudii tena aliyemtoa. "Ng'ombe asiyeshukuriwa hajatolewa," baba akasema, akaendelea kuchokonoa meno. Ningeshukuruje kitu nilichoambiwa nisubiri mpaka nifaulu? Alijua fika kwamba nisingeweza. Mila ilimfaa siku hiyo, akaivaa.

Nilimchukia, na neno hilo silipunguzi. Nikaanza kusoma ili nimkomoe. Wanasema hasira hasara, lakini yangu ilinifaidi: nilimaliza sura nzima nzima nikiwa nimeuma meno. Halafu ikazimika, kama moto wa majani makavu ya migomba. Nikabaki na kitabu mapajani, bila mtamba, bila hasira, nikijiuliza nasoma kwa ajili ya nini. Hapo niliogopa kweli. Mtihani ulikuwa Mei, na nikifeli ningerudi pale pale zizini kungoja na mimi nibadilishwe kwa ng'ombe.

Alasiri moja, kabla likizo haijaisha, baba alinituma kuchunga. Nilibeba kitabu cha baiolojia kwa mazoea tu, nikakaa kwenye kichuguu. Nikakutana na swali: ng'ombe wawili weusi wanawezaje kuzaa ndama mwekundu? Nilicheka peke yangu. Baba na jirani yetu walikuwa hawasalimiani kwa sababu ya ndama wa namna hiyo hiyo. Jike letu jeusi, dume letu jeusi, ndama mwekundu. Basi baba akaapa kwamba dume la jirani liliruka uzio, na jirani akaapa kwamba baba ana wazimu.

Nikachora kwa kijiti mavumbini, herufi za vinasaba vya dume na jike, kisha za ndama. Wekundu ulikuwa umejificha kwa ng'ombe wetu wenyewe siku zote. Nikajaribu na rangi nyingine, nikakosea, nikafuta kwa kiganja, nikaanza upya. Nikasonga mbele, swali la pili, la tatu. Sikuwa nikimkomoa mtu. Nilitaka kujua, basi.

Kelele za jirani ndizo zilizonigutusha. Ng'ombe wetu wote walikuwa ndani ya migomba yake, wanatafuna machipukizi.

"Enyi watu, mmetuma ng'ombe wanimalize!"

Baba alikuja na fimbo. "Macho yako yalikuwa wapi wewe?" Nilichapwa mbele ya jirani, ambaye kwa mara ya kwanza alikubaliana na baba. Nilipokuwa najisugua miguu nilishtuka kwamba alasiri yote sikuwa nimemkumbuka mtamba, wala huyu mzee. Nilirudi kichuguuni kuchukua kitabu changu kabla mbuzi hawajakifikia.

Nilifaulu. Baba akaita wageni tena, wengi kuliko mwanzo, akanyoosha fimbo kwa mtamba mwingine, mnene, mwekundu. Safari hii alijipanga: kibuyu cha rubisi alikitafuta mwenyewe, akakiweka miguuni pangu ili nikiinue nimpe, watu waone, wamsifu. Wote wakanitazama.

"Shikamoo baba," nikasema, nikakaa chini.

"Marahaba. Haya, mwanangu. Kibuyu."

Sikukigusa. Wageni walikohoa, wakatazama kwingine, na baba akaanza kuelewa. Kwa mila yake mwenyewe, mbele ya mashahidi wake mwenyewe, hakuwa amenipa kitu.