Siku Khaloo Alipotupeleka Maporomokoni

Mwaka jana nilifuatana na walimu wenzangu wa hapa Riyadh kwenda kutembea Moroko. Siku ya tatu tulipelekwa milimani, nchi ya Waberberi, kutazama maporomoko ya maji, safari ya miguu ya kutwa nzima. Aliyetuongoza alikuwa msichana mwenye viatu vya mpira na kitambaa chekundu kichwani. Tulipofika penye mawe ya utelezi aligeuka, akatwambia kwa Kiarabu, "Kanyageni pakavu. Msiutazame mto, tazameni miguu yenu." Nikakaa kitako juu ya jiwe, nisiweze kuendelea. Wenzangu walidhani pumzi zimenikatika, mtu wa mtaa wa Suwaidi wa Riyadh na majabali wapi na wapi. Nikawaacha wadhani hivyo. Maneno yale niliwahi kuambiwa nina miaka kumi na moja, kwenye milima iliyo juu ya Jedda, na mwanamke wa huko huko Uberberini. Ukweli wa yaliyomfika sijapata kumwambia mtu.

Tulikuwa tukikaa kusini ya Jedda, nyumba ya ghorofa tatu yenye tanuri la mikate chini yake. Alfajiri harufu ya mkate ilipanda ngazi kabla ya adhana kwisha. Watu wetu walitoka Unguja baada ya sitini na nne, na kwetu Kiswahili kilikuwa cha ndani ya mlango, Kiarabu cha nje. Bibi yangu alipika wali wa nazi ya kopo huku akililaani kopo, na kila Alhamisi alitengeneza mkate wa kumimina. Kazi yangu ilikuwa kupandisha nguo juu ya dari kuzianika. Huko darini palikuwa na chumba kimoja, na ndani yake cherehani iliyolia tangu asubuhi mpaka magharibi.

Mwenye cherehani hiyo sisi watoto tulimwita Khaloo, kama tunavyowaita dada za mama zetu. Alitoka Moroko, akaja Jedda kufanya kazi za ndani. Kafili wake, yule tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alimnyima ruhusa ya kwenda kwao miaka minne, hata mama yake alipofariki. Siku moja alitoka kwenda kutupa taka, hakurudi. Hakuwa na ikama, kibali cha kukaa, hakuwa na pasi, alikuwa na mikono yake tu, na mikono hiyo iliwashonea wanawake wa mtaa mzima. Bibi alilijua hilo. Bawabu wetu pia, mzee wa Kiyemeni aliyekaa mlangoni na redio yake, alilijua, na akimwona mgeni anakuja alikohoa mara tatu kwa nguvu ili cherehani inyamaze.

Msimu mmoja wa baridi mvua ilinyesha siku tatu. Khaloo aliacha kushona, akakaa dirishani. Akamwambia Bibi kwamba milima ya Taifu lazima sasa inateremsha maji. "Nipelekeni nikaone maji yanaanguka," alisema. "Mara moja tu." Baba aliogopa. Njiani kuna vizuizi, na askari wanauliza ikama. Lakini Bibi alishakanda unga. Tukapakiwa kwenye gari ya baba ya mizigo, mimi na kaka yangu mbele, Bibi na Khaloo nyuma wamejifunika gubigubi. Askari alichungulia, akamwona bibi kizee na kikapu cha mikate, akasema, "Yalla, piteni."

Baba alibaki na gari barabarani. Khaloo akatangulia, na tangu hapo hakuwa yule fundi aliyeinama. Alitwonyesha mawe ya kushika na mawe ya kuogopa, akasimama mara kwa mara kusikiliza maji yako upande gani. "Kanyageni pakavu," alitwambia. "Msiutazame mto, tazameni miguu yenu." Bibi alijifunga kanga juu ya abaya, akawa analalama kila hatua. "Jamani, mimi mtu wa Unguja! Mlima wangu ni ngazi ya dari!" Nyani mmoja akaruka, akapokonya mkate kikapuni. Bibi akamtolea matusi ya Kiswahili ambayo sikujua kama anayajua, na sote tukacheka hadi tukashika matumbo.

Maporomoko yenyewe yalikuwa membamba, marefu kama nyumba yetu, rangi ya chai ya maziwa. Khaloo alivua abaya, akaingia chini yake na nguo zake zote, kisha akaanza kusema kwa lugha ya kwao, kwa sauti kubwa. Mtu niliyezoea kumsikia akinong'ona! Nilitaka kumwita, Bibi akanishika mkono. "Mwache," akasema. "Anazungumza na kwao." Alipotoka midomo ilikuwa inamtetemeka kwa baridi, anacheka. Tulikula mikate iliyosalia na chai ya tangawizi, na sijapata kula chakula kitamu kama kile.

Wiki ile ile mwalimu wetu wa skuli alituambia tuandike insha juu ya safari. Wenzangu waliandika Misri, waliandika Lebanoni. Mimi, mtoto wa mtu wa mizigo, kwa mara ya kwanza nilikuwa na safari. Nikaandika yote. Niliandika nyani, niliandika maji, na kwa kuwa nilitaka insha yangu ishinde, niliandika na mwanamke aliyetoroka kwa kafili wake akawa anashona juu ya dari yetu. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Walinipigia makofi. Msichana mmoja aliniuliza nyumba yetu iko wapi, mama yake anataka kushonesha nguo ya harusi. Nikamwelekeza kwa furaha, mpaka rangi ya mlango.

Mama yake alikuja, akapimwa, akaenda zake. Bawabu hakukohoa, kwani wateja wanawake walikuja kila siku. Siku ya tatu nilirudi kutoka skuli nikakuta gari mbili za askari mlangoni. Khaloo alikuwa anashushwa ngazi, na mwanamume mwenye kanzu nyeupe, ndiye kafili wake, anamwelekezea kidole, "Huyo, huyo." Aliponiona alinitabasamia, kama anayeniondolea hofu. Baadaye tulisikia alirudishwa kwao. Wengine walisema alikaa ndani miezi kwanza. Hatukupata barua.

Bibi alilia siku mbili, ya tatu akataka kujua nani kasema. "Ni huyo bawabu," aliamua. "Nani mwingine aliyejua? Kawauzia." Nilikuwa nimesimama pale na sahani mkononi. Ilinitosha kufungua mdomo. Sikuufungua. Nyumba nzima ikaacha kumwamkia yule mzee, watoto wakamzimia redio, na kabla ya Ramadhani mwenye nyumba akamwondoa.

Bibi alifariki mimi nikiwa mtu mzima, mwalimu, nina watoto. Siku ya pili ya matanga niko dirishani na wanawake wenzangu, nikamwona bawabu anakuja, akijikongoja na bakora, kavaa kanzu safi. Kaka yangu akamkabili mlangoni. "Wewe hapa huna mahali. Marehemu hakuwa radhi nawe." Mzee aliweka mkono kifuani, akamwombea Bibi rehema, akageuka taratibu. Hapo sikuwa tena mtoto wa miaka kumi na moja. Dirisha lilikuwa wazi, na jina lake nililijua.

Mtaa ule umevunjwa wote. Palipokuwa na nyumba yetu pana changarawe, na ukisimama hapo huwezi kujua ngazi ilianzia wapi. Tanuri, dari, kamba zetu za nguo, hakuna hata kimoja. Kilichobaki ni hadithi, na yenyewe ni ya uongo. Kila nikienda Jedda kaka yangu huwasimulia wanangu habari za bawabu msaliti aliyemuuza Khaloo wetu. Huisimulia vizuri, watoto hutulia. Mara ya mwisho binti yangu mdogo aliniuliza, "Mama, ndivyo ilivyokuwa?"

Nikamwambia ndivyo.