Pasi ya Mkaa Kwenye Gunia la Kahawa

Sisi tuliokulia migombani kule Old Moshi tulikuwa na bahati: bili ya umeme haikutusumbua. Jumamosi jioni pasi ilijazwa mkaa, ukaizungusha hewani mpaka mkono ufe ganzi, na cheche ikidondokea sketi ya shule ulijua siku yako imeisha. Usiku tulisoma kwa koroboi, asubuhi tukapenga kamasi nyeusi kama wino. Burudani ilikuwa kuzungusha mashine ya kumenya kahawa. Ukilalamika umechoka, mama alikufariji: "Pumzika, mwanangu. Ukishamaliza."

Mdogo wangu Ndeshi ndiye aliyevichukia vitu hivyo kuliko sote. Siku ya kupiga pasi alikuwa anaumwa tumbo, tena kwa uaminifu mkubwa. Leo ni mchoraji mjini Moshi, na anachora nini? Pasi za mkaa, koroboi, redio za mbao. Anachora juu ya magunia ya kahawa yaliyochakaa, anayatafuta sokoni Kiboriloni. Vijana wanasema ni vinteji. Sisi tulikuwa tunaviita umaskini.

Mama alikuwa hajawahi kukanyaga kwenye maonyesho yake. Bado alikuwa anasubiri binti yake apate kazi. "Nimehangaika kuvitoa vitu hivi nyumbani kwangu," alisema, "yeye anaviokota." Mwezi uliopita nilimbembeleza mpaka akakubali twende.

Pale ndani kijana mmoja mwenye nywele za rangi alimwamkia vizuri, kisha akamuuliza pasi ya kwenye picha ilikuwa inachajiwa kwa muda gani.

"Ilitegemea mtoto ana nguvu kiasi gani," mama akamjibu. Kijana akaitikia kwa kichwa, ameelimika.

Kisha mama akasimama mbele ya gunia moja. Halikuwa na mambo mengi: mkono wa mwanamke unapiga pasi kola ya shati la shule, na karibu na kifundo cha mkono kuna kovu la moto. Mama akautazama mkono wake, akautazama ule wa ukutani. Ndeshi alisimama pembeni.

"Kumbe ulikuwa unaniangalia," mama akasema.

"Nilikuwa nakuangalia, mama."

Hakusema kama picha ni nzuri. Aliomba kiti, akakaa pale mpaka watu wakaanza kuondoka.

Siku hizi nguo za wajukuu wa mama zinakwenda kwa dobi, zinarudi ndani ya nailoni zikinukia. Namshukuru Mungu, sina hamu na cheche. Ila nikiwaona asubuhi wanakwenda shule, kola zimenyooka, najiuliza wakikua watakumbuka mkono wa nani.